Shajara ya mradi: haidatidi Turkana na ile safu ya matokeo

Jumatatu, wiki ya kwanza

Hatimaye tumeanza. Kibali cha kamati ya maadili kiko, leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya utafiti, iko, barua ya kaunti iko, na leo asubuhi sista wa thieta, chumba cha upasuaji, amenifungulia ile stoo nyuma ya maabara tukatoa rejista zote za upasuaji za miaka kumi iliyopita, vumbi mpaka kwa kope, tukazipanga kwa meza moja karibu na dirisha. Yeye amefanya kazi hapa kuliko sisi wote na laini nyingi humo ni za mkono wake, kwa hivyo nikikwama kwa mwandiko namuuliza yeye. Mimi ni afisa wa kliniki, huu ni mwaka wangu wa sita Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, daktari wetu wa upasuaji ndiye anaongoza mradi na kuna kijana mmoja wa data anaingiza kila kitu kwa kompyuta.

Kwa wale ambao wananiuliza mradi ni wa nini: haidatidi ni ugonjwa wa mnyoo wa mbwa. Mnyoo mwenyewe ni mdogo sana, milimita chache tu, anakaa kwa utumbo wa mbwa bila kumsumbua, mayai yanatoka na kinyesi, mbuzi ama kondoo ama ngamia anayala pamoja na majani, na mtu anayapata kwa mikono, kwa maji, kwa manyoya ya mbwa anayelala naye mlangoni. Yai likiingia kwa mtu linageuka uvimbe wa maji, mara nyingi kwa ini, halafu mapafu, wakati mwingine wengu, figo, mfupa, hata ubongo. Unakua polepole miaka na miaka, mtu hana maumivu yoyote, siku anakuja hospitali tumbo limejaa kama mwenye mimba ya miezi saba na ni mwanaume. Mbwa naye anaupata akitupiwa ini la mbuzi lenye uvimbe, mzunguko unaanza tena.

Sehemu nyingi duniani daktari anaweza kumaliza kazi yake yote bila kuona mgonjwa mmoja. Hapa sivyo. Takwimu za zamani za kaskazini magharibi mwa Turkana zilionyesha wagonjwa wapya 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, hicho ni kati ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa popote, na ndio maana shirika la afya la AMREF walianzisha mpango wa kuudhibiti mwaka 1983, wakazunguka na mashine ya ultrasaundi wakipima watu huko huko kwa boma zao na kuwapa mbwa prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo. Wale watu walifanya kazi kubwa na nataka hilo lisemwe wazi.

Swali letu sisi ni moja tu na ni dogo. Wale ambao tuliwapasua, uvimbe umerudi kwa wangapi?

Jumatano

Rejista ya thieta ina safu zile zile kila ukurasa, tarehe, jina, umri, ugonjwa, upasuaji uliofanywa, aliyepasua, aliyetoa nusukaputi, na mwisho kabisa kulia matokeo. Nimefika karibu nusu ya rejista ya kwanza. Kwa hiyo safu ya mwisho karibu kila laini inasema kitu kimoja, kwamba mgonjwa ametoka thieta hali yake nzuri. Kwa faili, zile tumezipata, ukurasa wa mwisho unasema ameruhusiwa nyumbani, kidonda kikavu, nyuzi zimetolewa, arudi kliniki baada ya wiki mbili. Halafu basi. Karatasi nyeupe.

Fomu yetu ya kukusanya data iko na nambari tatu kwa matokeo: 1 amepona, 2 uvimbe umerudi, 3 amefariki. Kijana wa data anaingiza haraka sana, ni mtu makini, nilipita nyuma yake saa kumi jioni nikaona skrini, na safu nzima ya matokeo ni 1, 1, 1, 1, 1 mpaka chini.

Nikamuuliza, huyu wa laini ya kumi na nne umejuaje amepona? Akanionyesha faili. Ameruhusiwa nyumbani.

Sijalala vizuri. Fomu ni mimi niliiandika.

Ijumaa

Nimewaambia wenzangu mambo yalivyo. Daktari alinyamaza kidogo, akasema hebu tuhesabu kwa muda. Manake hii ni shida ya muda, sio ya uandishi tu. Uvimbe wa haidatidi hauharaki. Kama wakati wa upasuaji tone limemwagika ndani ya tumbo, lile maji liko na vichwa vidogo vya minyoo ambavyo huwezi kuviona kwa macho, na kila kimoja kinaweza kuanzisha uvimbe wake mpya, lakini utachukua miaka kabla mtu ahisi kitu. Wataalamu wanataka mgonjwa aangaliwe kwa ultrasaundi angalau miaka 5, na kuna waliorudi hata baada ya miaka 10. Sasa wewe unamwangalia mtu wiki mbili, nyuzi zimetoka, unaandika amepona. Huyo hajapona wala hajaugua tena, huyo hatujui habari yake.

Na ukimweka huyo pamoja na waliopona, hospitali inaonekana nzuri sana kwa karatasi. Upasuaji wowote, hata mbaya, unaonekana mzuri ukihesabu waliopotea kama waliopona. Hapo ndipo nimekasirika, sio na mtu, na ile safu.

Tumekubaliana kuongeza nambari ya 4, hajulikani tangu alipoonekana mara ya mwisho, na safu mpya ya tarehe hiyo ya mwisho. Fomu inarudi kwa kamati kama marekebisho ya itifaki kabla tuitumie. Kijana wa data ameanza upya kutoka laini ya kwanza na hajalalamika hata kidogo, Mungu ambariki.

Jumanne, wiki ya pili

Leo kulikuwa na upasuaji, na ingawa si wa utafiti nimeomba niingie nisimame kando, nataka nikisoma zile laini za rejista nijue ni nini kilifanyika nyuma ya neno moja.

Mgonjwa ni mama wa makamo, uvimbe kwa ini upande wa kulia. Kwa ultrasaundi ulikuwa na vyumba vyumba ndani kama masega ya nyuki, hiyo kwa mpangilio wa WHO inaitwa CE2, bado uko hai. Huu mpangilio unasaidia sana, ulijengwa juu ya ule wa daktari Gharbi wa Tunisia wa mwaka 1981, unakuambia uvimbe uko hatua gani ya maisha yake na kwa hivyo ufanye nini. Ule wa chumba kimoja cha maji, kama ni mdogo chini ya sentimita 5, unaweza kuutibu kwa albendazoli, dawa ya minyoo ya kumeza, peke yake miezi 3 mpaka 6. Mkubwa wa chumba kimoja unaweza kudungwa sindano kupitia ngozi ukiongozwa na ultrasaundi, maji yatolewe, dawa ya kuua minyoo iingizwe, ikae, itolewe tena, njia ambayo pia ilianzia Tunisia mwaka 1986 na inaitwa PAIR. Uliokauka na kugeuka chokaa, CE5, unauacha. Unauangalia tu. Na kuna watu walipasuliwa kwa uvimbe ambao ulikuwa umeshakufa wenyewe, hao pia nawaona kwa rejista, kovu la bure. Huyu mama wa leo vyumba vilikuwa vingi, sindano haifai, ikabaki kisu.

Ini lilipoonekana, uvimbe ulikuwa mweupe juu yake kama yai kubwa limezikwa nusu. Kabla ya kuugusa daktari alizungushia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali asilimia 20, pande zote, tabaka juu ya tabaka, kusibaki hata upenyo wa kidole, na yule wa nusukaputi akasema adrenalini iko tayari mkononi, kwa sababu yale maji yakimwagika mwilini mtu anaweza kupata mshtuko wa mzio na kufa mezani. Sindano kubwa ikaingia. Maji yalitoka safi, kama ya kunywa. Daktari aliyainua kwa mwanga akayaangalia mpaka nikashangaa mbona anachelewa, baadaye akanieleza kwamba anatafuta rangi ya njano. Njano ni nyongo, inamaanisha uvimbe umefunguka kwa mfereji wa nyongo, na hapo ukiingiza chumvi kali unaichoma ile mifereji na mtu anaweza kuugua ini maisha yake yote. Hakukuwa na njano. Chumvi ikaingia, tukangoja dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, hakuna mtu aliyeongea.

Halafu ukafunguliwa. Ndani kuna utando mmoja mweupe, laini, unaoteleza, kama sehemu nyeupe ya yai lililochemshwa, unatoka wote kwa mzima ukibahatika, na ndani yake watoto wa uvimbe wamejazana kama zabibu, wakubwa na wadogo. Sista aliwahesabia kwa beseni kwa kijiko. Shimo likafutwa kwa kitambaa cheupe kuangalia kama nyongo inavuja, likajazwa na mafuta ya tumbo, mrija ukawekwa, akafungwa.

Kwa rejista laini nzima ya kazi hiyo yote ya saa tatu ni maneno matano. Na matokeo: hali nzuri.

Nimemuomba sista tuanze kuandika zaidi ya hapo kuanzia leo. Kama maji yalimwagika au la. Rangi yake. Dawa gani ilitumika kuua minyoo na ilikaa dakika ngapi. Hatua ya uvimbe kabla ya kisu. Ameshachora mistari kwa rula kwa ukurasa mpya.

Alhamisi

Kuhusu dawa. Albendazoli inatakiwa ianze kabla ya kisu na iendelee angalau mwezi 1 baadaye, kazi yake ni kuua kilichobaki kama kuna kilichomwagika. Kwa faili nyingi imeandikwa mgonjwa amepewa. Sijaona popote imeandikwa alikula nayo nini, na hii dawa ukiimeza na tumbo tupu nyingi inapita tu bila kuingia mwilini, inataka mafuta. Mtu akiruhusiwa nyumbani mwezi wa ukame, anakunywa chai ya rangi mara moja kwa siku, unategemea nini? Nimeanza kuwaambia wagonjwa wa sasa wameze na maziwa ama na kitu chenye mafuta ya mbuzi, na kama hakuna waniambie hakuna, tusidanganyane. Wanawake tunawapima mimba kwanza, na wote damu inaangaliwa, ini na chembe nyeupe.

Jumatatu, wiki ya tatu

Nimeona karatasi moja leo na tangu hapo sijafanya kingine.

Ilikuwa imekunjwa mara nne, imesukumwa ndani ya jalada la rejista ya pili kutoka mwisho, pale kitambaa kimeachana na kadibodi. Ni majibu ya patholojia, maabara inayochunguza tishu iliyokatwa. Nimetafuta jina, nikapata laini yake, msichana, wakati huo alikuwa kwa ishirini na kitu, uvimbe kwa ini upande wa kushoto, umeandikwa haidatidi, umefunguliwa, umesafishwa, sehemu ya ukuta imekatwa na ingine imeachwa, ameruhusiwa siku ya tisa. Fomu yetu ya zamani: 1, amepona.

Karatasi inasema sio haidatidi. Hakuna ule utando wa tabaka, hakuna vichwa vya minyoo, hakuna hata kidokezo cha mnyoo. Kuna seli ndefu za kutoa ute zimepangwa ndani ya ukuta, na chini yake tishu nzito inayofanana na ya ovari. Daktari aliposoma hiyo sentensi ya ovari aliweka kalamu chini. Alama hiyo ni ya uvimbe wa ute wa ini unaotokana na njia za nyongo, kitu nadra sana, karibu wote wanaoupata ni wanawake, na kwa ultrasaundi ukiwa na vyumba unafanana na haidatidi kabisa kabisa, hapa kwetu ambapo haidatidi ni ya kila wiki nani angewaza kingine. Mwanzoni sio saratani. Lakini ukiachwa kipande unarudi, na ukikaa unaweza kugeuka saratani.

Na hapa ndipo panaponiuma. Kwa haidatidi kuacha sehemu ya ukuta wa nje ni sawa, ule ukuta ni wa ini lenyewe, mnyoo ukitoka umemaliza. Kwa huu mwingine ule ukuta ndio ugonjwa. Inatakiwa ukatwe wote, mpaka wa mwisho. Alichofanyiwa kilikuwa sahihi kwa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Tarehe ya majibu ni zaidi ya miezi miwili baada ya yeye kwenda nyumbani. Mtu alipokea, akakunja, akaweka mahali asisahau. Sitaki kumtafuta ni nani. Kila mtu aliyepita hapo, nikiwemo mimi kwa miezi yangu sita ya kwanza ya wadi, angeweza kuwa yeye.

Tumeandikia kamati jioni hiyo hiyo. Itifaki yetu ina kipengele cha tukikuta jambo linalogusa afya ya mtu aliye hai, tunaruhusiwa kumtafuta kupitia hospitali, kwa siri, kwa ajili ya matibabu na sio ya data. Nilikiandika hicho kipengele kwa sababu fomu ya maombi ilikuwa na kisanduku kinachokitaka.

Jumatano

Simu iliyo kwa faili haipatikani. Eneo limeandikwa jina la laga tu, mto wa mchanga usio na maji, na hiyo laga ni ndefu kilomita na kilomita. Nimempigia mhudumu wa afya ya jamii wa upande huo, mama mmoja ambaye nimewahi kufanya naye kazi ya chanjo, nikamwambia natafuta mtu fulani, sikumwambia ugonjwa. Akasema, daktari, huyo familia yao ilihama na mifugo mwaka ule mvua ilikataa, lakini nyanya yake yuko, nitauliza.

Wakati tunangoja tumeanza kuwatafuta wale wengine wa nambari 4 pia. Ridhaa yao inachukuliwa upya, kwa Kiturkana, kwa sauti, na asiyeandika anaweka kidole gumba mbele ya shahidi anayemchagua mwenyewe.

Jumamosi

Siku nzuri. Tumeenda na pikipiki mbili, mashine ndogo ya ultrasaundi nimeibeba mgongoni nimeifunga kwa kanga mbili. Jua la saa nne hapa huoni kitu kwa skrini, kwa hivyo tunaingia ndani ya akai, kile kibanda chao cha matawi na majani ya mkoma, tunafunika mlango kwa blanketi, mgonjwa analala kwa ngozi. Jeli huku haiwi baridi, imetoka kwa mfuko ikiwa na joto kama uji.

Wa kwanza alikuwa mzee, alipasuliwa miaka saba iliyopita. Nikamsalimia, ejok, apa, akaitikia, akakalia ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mbao. Nilikuwa nimeandika swali kwa fomu, je umepona. Mama mhudumu akalitafsiri, mzee akamwangalia, akajibu kitu kirefu. Nikauliza amesema nini. Amesema anaweza kulala kwa tumbo tena. Amesema miaka mingi kabla ya kisu alikuwa analala kwa upande mmoja tu kama ngamia mgonjwa, na baada ya kisu usiku wa kwanza nyumbani alijigeuza akalala kifudifudi mpaka asubuhi.

Nimeliandika hilo neno kwa neno pembeni mwa fomu. Ultrasaundi yake ni safi, mahali pa zamani kuna kovu dogo tu lenye chokaa. Miaka saba. Huyo ndiye wa kwanza ambaye nimemwandikia 1 nikiwa najua ninachoandika.

Wa pili uvimbe umerudi, miwili, mmoja kwa ini na mmoja chini kwa nyonga, na huo wa chini ndio unasema kulikuwa na kumwagika. Hana maumivu, alikuwa hajui. Tumemwanzia mipango ya dawa. Wa tatu alifariki, kwa ajali ya barabara, kitu kingine kabisa. Wa nne hatukumpata.

Nambari zenyewe sitaziweka hapa. Watu ni wachache na vijiji vinajulikana, ukisema mwanamke wa umri fulani wa laga fulani kila mtu anajua ni nani.

Kitu kimoja kuhusu mbwa nisisahau. Kwa boma la yule wa pili kuna mbwa watatu na mtoto wa kutambaa. Mbwa hapa ni mlinzi, ni mfanyakazi, na wanamwacha alambe mtoto akijichafua kwa sababu maji ya kuosha yako mbali, mwendo wa asubuhi nzima. Nimesikia watu wa mjini wakiongea kuhusu hili kwa dharau na linaniudhi. Mwambie mama aoshe mikono, atakuuliza na nini. Mbwa akipewa prazikwanteli kila wiki 6 minyoo wanakufa kabla hawajaanza kutaga, na ini lenye uvimbe likichimbiwa shimo badala ya kutupwa mzunguko unakatika. Hayo mawili yanawezekana hapa hapa bila kumdharau mtu. Nimemwandikia daktari wa mifugo wa wadi.

Jumanne, wiki ya tano

Amepatikana. Mama mhudumu alipiga saa kumi na mbili asubuhi, akasema tu, daktari, yuko, ana watoto wawili.

Tulienda mimi na sista. Sista alitaka mwenyewe, alisema alimshika mkono siku ile akiwekewa dawa ya usingizi na anamkumbuka, alikuwa na shanga za bluu na alikataa kuzivua mpaka mama yake akazishika. Tulimkuta anachota maji kwa kisima cha kuchimba mchangani, anateka kwa kikombe anajaza jerikani. Alimtambua sista kabla ya sisi kusema chochote. Akainua nguo kidogo akaonyesha kovu, anacheka, kama mtu anaonyesha kazi nzuri ya fundi.

Mimi ndiye nilimwambia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na maneno yote yakapotea. Nilisema, dada, tulikupasua tukidhani ni ugonjwa wa mbwa, karatasi ya maabara ilikuja baadaye ikasema ni uvimbe wa aina ingine, karatasi ikakaa kwetu hatukukuletea, hilo ni kosa letu, na leo tumekuja kuangalia. Mama mhudumu alitafsiri polepole. Akauliza swali moja tu: mlijua lini? Nikamwambia wiki mbili zilizopita. Akaitikia kwa kichwa. Akamaliza kujaza jerikani kwanza, kisha tukaenda.

Ndani ya kibanda nilishika ile probu kwa mkono wa pili ili isitetemeke. Upande wa kushoto wa ini, pale pale, kuna kidimbwi. Sio kikubwa. Kina ukuta mmoja mwembamba unakatiza katikati. Sikuona donge nene limetokeza ndani, na hilo ndilo nilikuwa naogopa zaidi, lakini ultrasaundi ya kubeba mgongoni sio ya kutoa hukumu, anahitaji skani kubwa na mpasuaji wa ini. Nilimwonyesha kwa skrini. Alikiangalia muda mrefu akagusa kioo kwa kidole.

Alhamisi

Daktari amepiga simu hospitali kubwa ya Eldoret, wamekubali kumwona, wanataka picha na ile karatasi ya patholojia na kama inawezekana vile vipande vya nta vya tishu vyenyewe. Maabara iliyosoma bado inavyo. Nauli na malazi tumeomba kwa mfuko wa hospitali wa wasiojiweza, imepita.

Kwa fomu yake hakuna nambari inayomfaa. 1 si kweli, 2 si kweli kwa sababu hakuwahi kuwa na haidatidi, 4 si kweli tena. Daktari anasema anatolewa kwa hesabu ya utafiti kabisa kwa kuwa hana ugonjwa tunaochunguza, na kiutaratibu yuko sahihi. Lakini nimeomba, na wenzangu wamekubali, tuandike kwa ripoti ni wagonjwa wangapi walitolewa na kwa nini, na tupitie kila aliyepasuliwa tuone nani tishu yake ilitumwa maabara na majibu yako wapi. Tumeanza na yale majalada. Sista anayapapasa moja moja kwa vidole pale kwa mshono kabla ya kufungua kitabu.

Kuanzia wiki hii majibu ya patholojia yanaandikwa kwa daftari moja jekundu lenye safu nne: tarehe tishu imetumwa, tarehe majibu yamekuja, tarehe mgonjwa ameambiwa, na jina la aliyemwambia. Safu ya tatu ikiwa tupu zaidi ya siku kumi na nne, mtu anapanda pikipiki.

Jumapili usiku

Gari linatoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Dadake anaenda naye, watoto wanabaki kwa nyanya. Ameuliza kama huko Eldoret ni baridi, sista ameleta sweta mbili. Karatasi iko kwa bahasha, nakala moja kwangu, moja kwa daktari, na ile yenyewe, yenye mikunjo minne, anaibeba mwenyewe.